Faili limeharibika ndani ya Git: dalili, sababu na tiba

Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, haijui faili ni la aina gani. Haijui kwamba `nembo.png` ni picha, wala kwamba `wakulima.csv` ni orodha ya wakulima wa zabibu wa Hombolo. Inachokiona ni mfululizo wa baiti: inaukokotolea alama ya utambulisho, inaubana, inauweka. Kwa kuhifadhi peke yake hapo hapana tatizo, maana baiti zilizoingia ndizo zitakazotoka. Matatizo huanza kwenye kazi tatu zinazoilazimu Git ikisie aina ya faili: kubadili miisho ya mistari, kuonyesha tofauti kati ya matoleo mawili, na kuunganisha kazi za watu wawili.

Inavyokisia ni hivi. Inapotaka kuonyesha tofauti, inasoma baiti 8000 za mwanzo. Ikikuta hata baiti moja ya sifuri, faili linahesabiwa kuwa bainari, yaani si maandishi. Inapotaka kubadili miisho ya mistari, inapitia faili zima: ikikuta baiti ya sifuri, au CR isiyofuatwa na LF (baiti za kumalizia mstari, zinaelezwa hapo chini), au herufi zisizochapika zaidi ya moja kwa kila 128 zinazochapika, inaliita bainari. Jina la faili halihusiki kabisa. Ndiyo maana faili la maandishi matupu huweza kuitwa bainari, na PDF ikaitwa maandishi ikaharibiwa.

Maelezo haya yanazilenga timu za aina inayopatikana sana Dodoma: mmoja yuko ofisini Mtumba na kompyuta ya Windows, mwingine ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayetumia Linux, wa tatu yuko Bahi au Kongwa na kompyuta mpakato na bando la simu, na repo moja (folda ya mradi inayotunzwa na Git) inabeba programu, majedwali, ramani na ripoti za Word. Ukiwa kwenye Windows, amri zote za hapa ziendeshe ndani ya Git Bash (dirisha la amri linalokuja na Git ya Windows), usitumie PowerShell. Sababu yake inakuja.

## Pima kabla ya kutibu

```
git ls-files --eol data/wakulima.csv
git check-attr -a data/wakulima.csv
```

Amri ya kwanza hutoa mstari kama huu:

```
i/lf    w/crlf    attr/text=auto    data/wakulima.csv
```

`i/` ni hali ya faili ndani ya Git, `w/` ni hali yake kwenye diski yako, na `attr/` ni agizo lililoandikwa kwenye `.gitattributes`. Ukiona `-text` baada ya `i/` au `w/`, ujue Git imelihesabu kuwa bainari. `mixed` maana yake miisho ya aina mbili imechanganyika ndani ya faili moja.

Kwa kila tatizo, jiulize kwanza: ubovu uko upande wa `i/` au wa `w/`? Ukiwa `w/` peke yake, data iko salama na tiba ni ya dakika mbili. Ukiwa `i/`, kila atakayevuta atavuta ubovu huo huo, na itabidi mtafute mtu aliyebaki na nakala isiyoharibika. Wengi hukimbilia kufuta repo na kuichukua upya. Kwa ubovu wa `i/` hatua hiyo haisaidii, na mara nyingine inafuta nakala isiyoharibika ya mwisho iliyokuwa imebaki.

## Umebadili mstari mmoja, Git inasema umebadili faili zima

Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, CR na LF. Linux na macOS hutumia LF peke yake. Kihariri kikihifadhi faili lote upya kwa mtindo wake, kila mstari umeongezeka au kupungua baiti moja, na kwa Git huo ni mstari mpya. Hakikisha kwa:

```
git diff --ignore-cr-at-eol
```

Ikibaki ile mistari michache uliyoigusa kweli, umeshapata chanzo.

Kiini chake ni kwamba mpangilio wa `core.autocrlf`, unaobadili miisho ya mistari, unakaa kwenye kompyuta ya mtu na hausafiri pamoja na repo. Wa Mtumba anao, wa UDOM hana, na kila mmoja anapeleka miisho ya kwake. Kuwaandikia watu kwenye kundi la WhatsApp wabadili mipangilio yao hakudumu. Akija mtu mpya mnarudi mlikoanzia. Agizo liwe ndani ya repo yenyewe, kwenye `.gitattributes`:

```
* text=auto
*.sh    text eol=lf
*.py    text eol=lf
*.csv   text eol=lf
*.bat   text eol=crlf
*.png   binary
*.jpg   binary
*.tif   binary
*.pdf   binary
*.docx  binary
*.xlsx  binary
*.gpkg  binary
```

Kisha:

```
git add .gitattributes
git add --renormalize .
git status
git commit -m "Sawazisha miisho ya mistari"
```

Mstari wa `--renormalize` ndio unaosahaulika, halafu watu wanasema `.gitattributes` haifanyi kazi. Chini ya `text=auto`, faili lililokwisha kuhifadhiwa likiwa na CRLF huachwa lilivyo mpaka uagize lisawazishwe. Kwenye `git status` angalia kwamba hakuna picha wala faili la bainari lililojitokeza katika orodha. Likijitokeza, simama, rekebisha `.gitattributes` kwanza.

Chagua siku ambayo hakuna tawi (kazi ya pembeni) linalosubiri kuunganishwa, kwa sababu komiti hii (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia) itagusa karibu kila faili na itagongana na kila kitu. Iwe komiti peke yake, bila badiliko jingine ndani. Namba yake iandikwe kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, na kila mwanatimu aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`, ili `git blame` iendelee kumtaja aliyeandika mstari badala ya aliyeusawazisha.

Onyo la `LF will be replaced by CRLF` linatia watu hofu bure. Ni taarifa tu kwamba Git itakapoliandika tena faili hilo kwenye diski yako italipa CRLF. Kwa faili la maandishi, liache. Likitaja picha, usikomiti.

## Skripti inakataa kwenye seva

```
/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory
```

Hiyo `^M` ni CR iliyobaki mwishoni mwa mstari wa kwanza. Linux inatafuta programu iitwayo `bash` yenye CR mwishoni na haipo. Tiba ni mstari wa `*.sh text eol=lf` hapo juu pamoja na `--renormalize`. Kwenye kompyuta ambayo faili bado lina CRLF baada ya kuvuta, lifute kisha `git checkout -- jina.sh`.

Ikiwa malalamiko ni `Permission denied`, ni jambo jingine: ruhusa ya kuendesha haikuhifadhiwa. Git hukumbuka hali mbili tu kwa faili la kawaida, 100644 na 100755. Ukiwa Windows huwezi kuiweka kwa `chmod`, hivyo:

```
git update-index --chmod=+x endesha.sh
```

## Picha au PDF inafunguka kwa aliyeiweka, kwa wengine haifunguki

Hapa data inaweza kupotea kweli, kwa hiyo nenda polepole.

Sababu ya kawaida ni mtu kuandika `* text` bila `=auto`. Agizo hilo linaiambia Git iache kukisia na ichukulie kila kitu kuwa maandishi. Mtu akikomiti, kila CR inayofuatwa na LF ndani ya picha inang'olewa. Sababu ya pili ni PDF isiyo na baiti ya sifuri wala herufi za ajabu za kutosha: Git inakisia kuwa ni maandishi. PDF ina jedwali linalotaja kila kipengele kiko baiti ya ngapi tangu mwanzo wa faili, hivyo baiti zikipungua au kuongezeka, jedwali lote linaelekeza pasipo.

Kwa PNG kuna kipimo kizuri, kwa sababu waliobuni muundo huo waliweka CR, LF na LF nyingine kwenye baiti nane za mwanzo ili uharibifu wa namna hii ugundulike mara moja:

```
git cat-file blob HEAD:picha/nembo.png | head -c 8 | od -An -tx1
```

Picha nzima itatoa `89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a`. Ukipata `89 50 4e 47 0a 1a 0a 00`, ile `0d` imeng'olewa na ubovu umeshaingia ndani ya Git. Hakuna amri ya kuurudisha, maana hakuna kinachoonyesha ni LF ipi ilikuwa na CR na ipi haikuwa nayo.

Kuna tumaini moja. Git inapopokea faili haigusi nakala iliyo kwenye diski ya aliyelikomiti. Mpigie simu mara moja: asivute, asihamie tawi jingine, asifute kitu. Anakili faili lake nje ya folda ya repo. Kisha:

1. Rekebisha `.gitattributes`: ondoa `* text`, weka `* text=auto` mstari wa kwanza na `*.png binary` chini yake. Mfuatano una uzito, kwa kuwa mistari inapogongana wa chini ndio unaoshinda.
2. Rudisha lile faili zima mahali pake.
3. Endesha `git add .gitattributes` na `git add --renormalize picha/nembo.png`, kisha komiti.
4. Rudia kile kipimo cha baiti nane kabla ya kupeleka kwenye seva.

Ikiwa kipimo kilikuwa sawa tangu mwanzo, basi ubovu uko kwenye diski yako tu. Rekebisha `.gitattributes`, futa picha, endesha `git checkout -- picha/nembo.png`, kazi imekwisha.

## `Binary files differ` kwenye faili ambalo ni maandishi

Angalia baiti mbili za mwanzo:

```
head -c 2 orodha.txt | od -An -tx1
```

Ukipata `ff fe`, faili limeandikwa kwa UTF-16, namna ya kusimba herufi ambapo kila herufi ya kawaida inafuatana na baiti ya sifuri, na sifuri moja inatosha Git kusema bainari. Wazalishaji wakubwa wa mafaili haya ni wawili: Excel ukichagua kuhifadhi kama "Unicode Text", na PowerShell 5.1 inayokuja na Windows, ambayo alama yake ya `>` huandika UTF-16 bila kukuuliza. Ndiyo sababu ya kwanza ya kukuzuia kutumia PowerShell.

Tiba ninayoipendelea ni kuondokana na UTF-16:

```
iconv -f UTF-16 -t UTF-8 orodha.txt > orodha_mpya.txt
mv orodha_mpya.txt orodha.txt
```

Ikiwa programu inayolisoma faili hilo inataka UTF-16 na haikubali kingine, agiza hivi:

```
orodha.txt text working-tree-encoding=UTF-16LE-BOM eol=crlf
```

Git itahifadhi UTF-8 ndani na kukupa UTF-16 kwenye diski. Inafanya kazi, ila programu nyingine inayoisoma repo bila kuheshimu agizo hilo itatoa faili la UTF-8, kwa hiyo itumie pale tu panapokosekana njia.

## CSV iliyofunguliwa kwenye Excel

Tofauti zinaonyesha namba za simu zimepoteza 0 ya mwanzo, tarehe zimegeuka sura, na safu nzima zimebadilika ilhali mtu anaapa alifungua tu na kuhifadhi. Git haina kosa. Excel hugeuza `0712…` kuwa namba na namba haina sifuri mbele. Usikubali komiti ya namna hiyo. Rudisha kwa `git checkout -- data/wakulima.csv`, kisha faili liingizwe Excel kupitia menyu ya kuleta data, na safu ya simu ipangwe kuwa maandishi.

Kuona seli iliyobadilika badala ya mstari mzima:

```
git diff --word-diff=color --word-diff-regex='[^,]+'
```

Panga mistari kwa ufunguo mmoja usiobadilika, kwa mfano namba ya mkulima, kabla ya kila komiti. Jedwali ambalo leo limepangwa kwa kijiji na kesho kwa jina litatoa tofauti zisizosomeka, na watu wawili wakiligusa mgongano hauepukiki.

## Ripoti ya Word: tofauti hazionekani, na mgongano hauunganiki

`.docx` na `.xlsx` ni mafuko ya zip yenye XML ndani. Kwa kusoma tofauti peke yake, ongeza kwenye `.gitattributes`, chini ya ule mstari wa `binary`:

```
*.docx diff=word
```

na kila mwanatimu, baada ya kuweka programu ya Pandoc, aendeshe:

```
git config diff.word.textconv "pandoc --from=docx --to=plain"
```

Mpangilio wa `git config` hausafiri na repo, hivyo asiyeuweka ataendelea kuona `Binary files differ`. Kinachoonekana hapo ni cha kusoma tu, hakifai kutumiwa kama kiraka.

Mgongano ukitokea, Git haichanganyi kitu. Inakuachia toleo lako na kusubiri uamue. Toa matoleo yote mawili:

```
git show :2:ripoti.docx > ripoti_yangu.docx
git show :3:ripoti.docx > ripoti_yake.docx
```

Hii ndiyo sababu ya pili ya kukimbia PowerShell: alama ya `>` ya toleo 5.1 ingeyageuza mafaili haya mawili kuwa takataka. Yafungue kwa kilinganishi cha Word, unganisha kwa mkono, hifadhi juu ya `ripoti.docx`, kisha `git add ripoti.docx`. Ukitaka moja tu, tumia `git checkout --ours` au `--theirs`, ila kumbuka kwamba wakati wa `rebase` (kuhamishia kazi yako juu ya tawi jingine) maana ya maneno hayo inageuka: `ours` ndilo tawi unalohamia juu yake, na `theirs` ni kazi yako mwenyewe.

Faili la bainari linahitaji zamu. Kwa Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa, zamu inawekwa hivi, kama seva yenu inaikubali:

```
git lfs track --lockable "*.docx"
git lfs lock ripoti.docx
git lfs unlock ripoti.docx
```

Faili hubaki la kusomwa tu mpaka mtu alifunge kwa jina lake. Subversion, programu nyingine ya kutunza matoleo, ina kitu kama hicho tangu zamani, sifa ya `svn:needs-lock`, na kwa ofisi ambayo kazi yake yote ni Word na michoro, isiyo na programu hata moja, Subversion inafaa kuliko Git. Huko pia mwisho wa mstari hauguswi mpaka uagize kwa `svn:eol-style`, na faili huhesabiwa bainari kama `svn:mime-type` yake haianzi na `text/`. Maandishi yakiandikwa kimakosa kuwa `application/octet-stream`, yaondolee kwa `svn propdel svn:mime-type jina`.

Njia nyingine kwa wanaotumia LibreOffice: hifadhi kama `.fodt` au `.fods`. Ni nyaraka zile zile kwa XML iliyo wazi, na Git inazisoma. Mafaili ya `~$ripoti.docx` na `.~lock.ripoti.odt#` ni alama za muda za programu hizo. Yaweke kwenye `.gitignore`.

## Ramani: safu haina majina, au viwanja vimehama

"Shapefile" si faili moja. `.shp` ni maumbo, `.shx` ni faharasa yake, `.dbf` ni jedwali la maelezo, `.prj` ni mfumo wa koordineti, na `.cpg` ni usimbaji wa herufi. Mtu akikomiti `.shp` peke yake, wenzake hawana ramani. Angalia kama `.gitignore` inazuia mojawapo:

```
git check-ignore -v ramani/viwanja.*
```

Inayosahaulika zaidi ni `.prj`, na mkoani Dodoma ukosefu wake una gharama ya pekee. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unaukata mkoa: Jiji na Bahi viko ukanda wa 36 kusini wa UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani), Kongwa na Mpwapwa viko ukanda wa 37 kusini. Kwa mfumo wa vipimo wa WGS 84 misimbo yake ni EPSG:32736 na EPSG:32737. Kwa Arc 1960, ambayo ramani nyingi za zamani zimetumia, ni EPSG:21036 na EPSG:21037. Bila `.prj`, QGIS (programu ya ramani) itauliza au kukisia, na viwanja vya Kongwa vikisomwa kwa ukanda wa 36 vitaangukia mamia ya kilomita magharibi. Historia ya Git haitaonyesha kosa lolote, kwa kuwa `.shp` yenyewe haikubadilika. Komiti vipande vyote vya ramani kwa pamoja, kila mara.

GeoPackage huondoa tatizo la vipande, lakini huleta lake. Ni hifadhidata ya SQLite. QGIS ikiifungua, faili linaweza kuonekana limebadilika hata kama hukuhariri kitu, na kando yake hutokea `.gpkg-wal` na `.gpkg-shm`. Ukikomiti QGIS ikiwa wazi, sehemu ya kazi yako inaweza kuwa bado imo ndani ya `-wal`, nawe umepeleka `.gpkg` pungufu. Funga QGIS kwanza, hakikisha yale mawili yametoweka, ndipo ukomiti. Yaweke kwenye `.gitignore` kwa vyovyote. Ukitaka kuona nini kimebadilika ndani:

```
*.gpkg diff=sqlite
git config diff.sqlite.textconv "echo .dump | sqlite3"
```

Mstari wa kwanza ni wa `.gitattributes`, wa pili ni wa terminali.

Mradi wa QGIS wenyewe uuhifadhi kama `.qgs`, ambayo ni XML, badala ya `.qgz`, ambayo ni zip. Na kwenye sifa za mradi chagua njia za mafaili ziwe za uhusiano, la sivyo mwenzako atafungua mradi unaotafuta data kwenye diski `D:` ya kompyuta yako.

## Repo imevimba, kuichukua kunamaliza bando

Git huhifadhi maandishi kwa kuweka tofauti ndogo kati ya matoleo pale inapofunga data kwenye pakiti. Mbinu hiyo hushindwa kwa kitu ambacho tayari kimebanwa: JPEG, MP4, `.xlsx`, GeoTIFF iliyobanwa ndani. Badili kidogo tu, na baiti karibu zote zinabadilika. GeoTIFF ya MB 80 ikikomitiwa mara kumi ni karibu MB 800 ndani ya historia, hata kama mwisho imebaki moja. Kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde huo ni upakuaji wa karibu nusu saa, na `git clone` ikikatika haiendelei ilipoishia, inaanza upya.

Tafuta mkosaji:

```
git count-objects -vH
git rev-list --objects --all |
  git cat-file --batch-check='%(objecttype) %(objectsize) %(rest)' |
  grep '^blob' | sort -k2 -n | tail -20
```

Kulifuta faili kwa `git rm` hakupunguzi hata baiti moja, kwa sababu matoleo ya nyuma bado yapo. Ikiwa liko kwenye komiti ya mwisho na hujapeleka, rahisi:

```
git rm --cached ramani/bahi.tif
git commit --amend --no-edit
```

GitHub hutoa onyo faili likizidi MiB 50 na kulikataa likizidi MiB 100, hivyo wengi hugundua hapo. Likiwa limezama kwenye historia iliyokwisha kusambazwa, tumia zana ya `git filter-repo` juu ya nakala mpya iliyochukuliwa sasa hivi:

```
git filter-repo --strip-blobs-bigger-than 50M
```

Namba zote za komiti zitabadilika. Zana hii pia huondoa kiungo cha `origin`, kwa makusudi, ili usisukume bila kufikiri. Kubalianeni siku, kila mtu apeleke kazi yake, mmoja asafishe, wengine wote wafute nakala zao na kuchukua upya. Mmoja akibaki na nakala ya zamani na kuiunganisha, uchafu wote unarudi.

Kwa aliye Kongwa na bando dogo, asichukue historia nzima:

```
git clone --depth 1 ANWANI
git fetch --deepen=50
```

Amri ya pili irudiwe kila mtandao unapokuwa mzuri. Kila hatua iliyokamilika haipotei. Au mtu wa mjini atengeneze `git bundle create kazi.bundle --all`, aiweke kwenye flashi, na aliye mbali aendeshe `git clone kazi.bundle`. Fungu hilo halibebi mafaili ya Git LFS.

## Picha ina baiti 130 tu

Ifungue kama maandishi. Ikianza na `version https://git-lfs.github.com/spec/v1`, umepata kielekezi cha Git LFS badala ya faili lenyewe, kwa kawaida kwa sababu LFS haijawekwa kwenye kompyuta hiyo:

```
git lfs install
git lfs pull
```

Kama bando ni dogo, `git lfs pull --include="ramani/kongwa/*"` huleta folda moja tu.

Kinyume chake ni ujumbe wa `should have been a pointer, but wasn't`: mtu asiye na LFS amekomiti faili zima. Aliye na LFS aendeshe `git add --renormalize .` na kukomiti. Toleo lile zito linabaki kwenye historia mpaka lisafishwe kwa `git lfs migrate import --include="*.tif" --everything`, ambayo nayo inaandika historia upya na inataka makubaliano yale yale.

## Madogo yanayobaki

Folda tupu haihifadhiwi. Weka ndani yake faili la `.gitkeep`. Faili lililoandikwa kwenye `.gitignore` lakini bado linafuatiliwa lilikomitiwa kabla ya agizo. Liondoe kwa `git rm --cached`. `Ramani.csv` na `ramani.csv` ni mafaili mawili Linux na moja Windows. Badili jina la mojawapo kwa `git mv` ukiwa Linux. Faili dogo lenye njia tu ndani yake, mfano `../data/msingi.csv`, ni kiungo cha Linux kilichofika Windows isiyoruhusu viungo. Washa hali ya msanidi programu ya Windows, weka `git config core.symlinks true`, ulifute na kulitoa upya. Daftari la Jupyter hubeba majibu na picha ndani ya JSON. Amri ya `nbstripout --install` huyaondoa kabla ya kila komiti.

Na ukifungua kwenye Linux repo iliyo kwenye flashi ukaona kila faili lina `old mode 100644` na `new mode 100755`, hakuna aliyegusa kitu. FAT32 na exFAT hazihifadhi ruhusa ya kuendesha, na Linux inayapa mafaili yote ruhusa moja. Ndani ya repo hiyo endesha `git config core.fileMode false`, kisha `git status` tena.